Gari la zamani haliwaki: usinunue kifaa kingine kabla ya kupima

Gari ni la petroli, lina kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi). Asubuhi fulani ukizungusha ufunguo linapiga "tak" moja na kunyamaza. Siku nyingine injini inazunguka vizuri ila haiwaki. Betri mpya, plagi mpya, tatizo liko palepale.

Hizo ni dalili mbili tofauti, zitenganishe. "Tak" inahusu umeme mkubwa unaokwenda kwenye stata, mota inayozungusha injini. Kuzunguka bila kuwaka kunahusu moto (cheche) wa plagi au petroli. Ila kipo kitu kimoja kinachoweza kuleta zote mbili, nacho ni athi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia injini na bodi, na kwa gari la umri huo ningeanzia hapo hata kama betri imetoka dukani jana.

Washa taa kubwa, kisha piga stata huku ukiziangalia. Taa zikizimika kabisa, umeme haufiki: betri imeisha au viungo vimelegea. Taa zikibaki kali na stata inapiga "tak" tu, tatizo mara nyingi liko kwenye stata yenyewe, ama kontakti za solenoidi (swichi nzito ya stata) zimeungua ama brashi (kaboni zinazopeleka umeme ndani yake) zimeisha, japo athi ya injini nayo inaweza kuleta dalili hiyo. Ukiigonga taratibu kwa mpini wa nyundo ikazunguka, mara nyingi ni brashi. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu, si matengenezo.

Sasa chukua multimita, kifaa cha kupimia volti. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6, ikisoma 12.0 iko karibu tupu, ichaji kwanza, vinginevyo vipimo vingine vitakudanganya. Chomoa waya mwembamba wa koili (inayokuza umeme wa plagi) ili injini isiwake, weka gia huru, mtu apige stata huku wewe unasoma volti za betri. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri ni dhaifu au stata inavuta kupita kiasi.

Kipimo kinachorukwa na wengi ndicho chenye majibu. Gusa ncha moja ya multimita kwenye nguzo ya risasi ya upande hasi wa betri, nguzo yenyewe, si terminali iliyoikaba. Ncha nyingine iguse chuma kisafi cha injini. Piga stata. Multimita isizidi kama volti 0.3. Ikisoma 1 au zaidi, waya wa athi au viungo vyake vinakula umeme. Upande chanya fanya vivyo hivyo, kutoka nguzo ya betri hadi boliti nene ya stata. Hapo hata 0.5 inavumilika. Ukitaka kujua kiungo kipi, sogeza ncha hatua kwa hatua: nguzo hadi terminali, terminali hadi waya, waya hadi bodi, bodi hadi injini. Pale namba inaporuka ndipo penye uchafu.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Stata ikivuta ampia 150, kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu kinapoteza volti 1.5. Balbu ya kupimia haivuti hata ampia 2, kwa hiyo itawaka vizuri kabisa kupitia waya huohuo uliooza, na utaapa kwamba waya ni mzima. Kuangalia kwa macho nako hakusaidii, kutu hujificha ndani ya plastiki. Ukifungua terminali, anza na hasi, na wakati wa kufunga hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Sugua kwa brashi ya waya hadi risasi ing'ae. Usisahau ule waya bapa unaounganisha injini na bodi.

Athi ikishakuwa safi na injini bado inazunguka bila kuwaka, tafuta moto. Rudisha waya wa koili, toa plagi moja, ichomeke kwenye waya wake, chuma chake kiguse injini mbali na kabureta, ishike kwa koleo lenye mpira, mtu apige stata. Moto wa buluu unaolia ni mzuri. Wa rangi ya chungwa, mwembamba, ni dhaifu. Hakuna kabisa? Jaribu waya mnene wa katikati unaotoka kwenye koili, ukiuweka milimita 5 hivi kutoka kwenye chuma. Ukitoa moto hapo na plagi hazitoi, makosa yako kwenye kofia ya distribyuta au rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake. Igeuze kofia kwenye mwanga, tafuta mistari myeusi myembamba kama ya penseli. Humo ndimo umeme unamotorokea. Kile kidude cha kaboni katikati lazima kiwepo na kirudi kikibonyezwa.

Kama hata koili haitoi, unganisha balbu ya kupimia kati ya upande hasi wa koili na athi, piga stata. Iwake na kuzima kwa zamu. Ikibaki imewaka, pointi (kontakti ndogo ndani ya distribyuta zinazofunga na kukata umeme wa koili) hazifungi au zimeungua. Isipowaka kabisa, koili haipati umeme, au pointi hazifunguki, au kondensa iliyounganishwa na pointi ina shoti. Nafasi ya pointi huwa kama milimita 0.4 hadi 0.5, fuata kitabu cha gari. Ukizipiga msasa, zifute kwa karatasi kavu, vumbi lake nalo linazuia umeme.

Sikiliza pia injini inashika wakati gani. Ikishika pale tu unapoachia ufunguo, koili inakosa umeme wakati wa kupiga stata. Ikishika ukipiga stata na kufa papo hapo ukiachia, rezista ya koili imekatika, kwa magari yenye nayo.

Moto ukiwepo, toa kifuniko cha hewa, injini ikiwa imezimwa vuta akseleta kwa mkono na uchungulie ndani ya kabureta. Petroli iruke kama uzi. Isiporuka, huenda bakuli la kabureta ni tupu: pampu, filta au bomba lililopasuka na kunyonya hewa. Plagi zikiwa zimelowa na harufu ni kali, injini imezidiwa mafuta. Kanyaga akseleta hadi chini bila kuipampu, piga stata sekunde 5 hadi 8, kisha iache stata ipoe. Kumwagia petroli kwenye kabureta kwa chupa ni mchezo wa kuunguza gari, achana nao.

Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, fungua kofia ya distribyuta uangalie rota. Isipozunguka, mkanda au cheni ya taimingi huenda imekatika. Acha kupiga stata mara moja, kwenye injini nyingi valvu hugonga pistoni.

Na kwa kuwa plagi zimebadilishwa juzi, hakiki mpangilio wa nyaya. Injini nyingi za silinda 4 huwaka kwa zamu ya 1-3-4-2, ila zipo za 1-2-4-3, na distribyuta inaweza kuzunguka upande wowote. Nyaya mbili zikibadilishana, injini inakohoa na kurudisha mlipuko kwenye kabureta, ijapokuwa moto na petroli vyote vipo.