Miungu ilikasirika au miungu walikasirika?

SWALI: Huwa nawasimulia wanafunzi wangu wa darasa la sita visa vya Percy Jackson, kijana wa New York ambaye baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale. Sasa naviandika kwa Kiswahili changu ili wavisome wenyewe. Nilipoandika "miungu walikasirika", mwalimu mwenzangu alinisahihisha: miungu ni kama miti na mikono, kwa hiyo ni "miungu ilikasirika". Nani yuko sahihi? Na hao watoto wa mungu na binadamu, wakiwa wengi niwaiteje? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Wewe uko sahihi, mwalimu, ingawa mwenzako naye ana pa kushikilia. Kwa umbo, mungu na miungu ni sawa na mti na miti. Lakini katika Kiswahili uhai hushinda umbo. Mtume na mitume wana umbo hilohilo, na hakuna asemaye "mitume ilihubiri". Tena muulize mwenzako: mungu akiwa mmoja, ataandika "mungu ulikasirika"? Hawezi. Iweje Zeus peke yake awe nafsi yenye hasira, halafu akikutana na ndugu zake Poseidon na Hades wote watatu wageuke miti?

Nadhani kinachomvuta ni Biblia. "Usiwe na miungu mingine ila mimi," inasema Kutoka 20:3 katika tafsiri ya Union, na wengi tumeikariri tangu utotoni. Pale miungu ni vitu vya kuabudiwa, na sura hiyohiyo inaendelea kukataza miungu ya fedha na ya dhahabu, yaani sanamu zisizo na pumzi. Sasa fungua tafsiri hiyohiyo, Matendo ya Mitume 14. Paulo amemponya kiwete mjini Listra, na umati unapaza sauti: "Miungu wametushukia kwa mfano wa wanadamu." Miungu gani hao? Ni walewale wa visa vyako: Barnaba, mwenzake Paulo, wanamwita Zeu (yaani Zeus), Paulo wanamwita Herme (Hermes). Pale miungu waliposhuka wakatembea kwa miguu, watafsiri waliwapa upatanisho wa watu. Mimi naona hapo walisikia lugha vizuri sana.

Basi fuata njia hiyo. Ukieleza sanamu zilizochongwa hekaluni, "miungu ya mawe" haina ubaya. Lakini katika vitabu vya Percy Jackson vya mwandishi Rick Riordan, ambavyo cha kwanza kilitoka 2005, Ares, mungu wa vita, anaendesha pikipiki, na wazazi wa Olympus, makao ya miungu, wanazaa watoto kisha wanawatelekeza. Hao ni wahusika. Andika "miungu wa Wagiriki", "miungu wenye wivu", "miungu wote walinyamaza".

Hukuuliza kuhusu mazimwi na majitu, lakini utakutana nayo tu, na huko mambo ni tofauti kidogo. Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Haisemi "zimwi akujuaye". Msimulizi wa Kiswahili humpa zimwi upatanisho wa LI kwa makusudi, ili ukubwa na utisho wake usikike. Kwa hiyo Minotaur, mwenye kichwa cha fahali, anaweza kabisa kuwa "zimwi lile lilinguruma". Ila Tyson, jitu la jicho moja anayetokea kuwa ndugu wa Percy kwa baba, ni mpole na watoto humpenda. Mwanzoni, kabla hawajamjua, andika "jitu lilisogea". Akishapata jina na kuzoeleka, andika "Tyson alicheka". Msomaji wa darasa la sita atauhisi mgeuko huo bila kuelezwa.

Kuhusu watoto wenyewe, "nusu mungu" linafaa likiwa umoja. Kwenye wingi lina mtego: "nusu miungu walikimbia" linaweza kusomeka kwamba katika miungu wote, nusu yao walikimbia. Ningeandika "watoto wa miungu", na pale unapohitaji kusisitiza asili yao mbili, "watu nusu miungu", maana neno watu likitangulia utata unaondoka. Wapo wanaopendekeza "machotara". Mimi sishauri, kwa kuwa darasani kwako huenda ameketi mtoto ambaye neno hilo limewahi kutumiwa kumdhihaki.