Kabla hujaunga nondo za 32 kwenye nguzo ya daraja

Wadogo zangu mnaoanza kazi huku Tanga, nguzo yangu ya kwanza ya daraja niliichora ikapendeza. Kipenyo mita 1.2, nondo 32 za milimita 32, zote zimelalishwa, yaani ya juu imepandishwa ubavuni mwa ile inayotoka chini, palepale juu ya msingi kwa mita 1.6, sawa na mara 50 ya kipenyo cha nondo. Kwenye mchoro kila nondo ilikuwa mstari mmoja mwembamba. Saiti, mzee mmoja fundi nondo aliokota kokoto, akaisukuma katikati ya nondo, ikakwama kwenye waya. Akaniuliza, "Injinia, zege litapita wapi?"

Nikachutama nikapiga hesabu. Nondo ikiwa moja moja, uwazi ni kama milimita 68. Zikilala mbili mbili ubavu kwa ubavu unabaki 36, na hapo hujahesabu mbavu za nondo, waya, wala ile iliyopinda kidogo. Kokoto za 20 zinapenya kwa kubahatisha. Kichwa cha vibreta, mashine ya kutikisa zege lishuke, kikiwa cha 60 hakipenyi. Tena chini pale ndipo momenti, yaani nguvu ya kuipinda nguzo, huwa kubwa kuliko kote, na mimi nimerundika maungio yote hapo kwa sababu tu nondo za kuanzia, zile zinazochomoza kwenye msingi, zimeishia hapo.

Kwa hiyo chora ungio kwa kipimo chake halisi, nondo mbili mbili, pamoja na ringi zake, zile nondo nyembamba zinazozizunguka. Pandisha maungio juu kidogo na yapishane, nusu hapa, nusu kule. Nondo zikizidi milimita 36 hivi, kanuni za Marekani haziruhusu kabisa kuzilalisha kwenye nguzo kama hii. Hapo ni kapla, kipande cha bomba chenye nyuzi za skrubu ndani kinachounga nondo mbili ncha kwa ncha.

Kapla nazo zina yake. Ya nondo ya 32 inaweza kufika milimita 50 kwa nje, kwa hiyo ringi ikipita juu yake inasogea nje milimita 9, na kava, lile zege linalofunika nondo kwa nje, inapungua kiasi hicho hicho. Karibu na mdomo wa mto Pangani, upepo wa kusi ukija na chumvi, milimita 9 si za kuchezea. Sogeza ringi ipite juu au chini ya kapla, na uionyeshe kwenye mchoro, usimwachie fundi abuni saa kumi jioni.

Nondo kata kwa msumeno, si kwa gesi, ili ncha iwe mraba. Nyuzi za kwenye ncha za nondo zivishwe vifuniko mpaka siku ya kufunga. Mchanga na kutu ya chumvi vikiingia, utazungusha utadhani imekaza kumbe imekwama. Piga alama ya rangi kwenye kila nondo, nusu ya urefu wa kapla kutoka ncha. Alama ikionekana mbali na mdomo wa kapla, haijaingia, hata fundi aape.

Uzito nao: kipenyo mara kipenyo, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya 32 ya mita 12 ni kama kilo 76, ya 40 ni 118. Huwezi kuizungusha kwa mikono ikiwa imesimama, na ikiwa ndani ya kizimba, yaani nondo na ringi zilizokwisha kufungwa pamoja, haizunguki kabisa. Hapo agiza kapla ya nyuzi ndefu, ile inayorudishwa yote kwenye nondo moja kisha kuzungushwa kuingia ya pili. Iagize mapema, kreni ikishaning'iniza kizimba umechelewa.