Picha Kwanza, Nyuzi Baadaye

SWALI: Sisi ni akina mama wa chama cha kufuma hapa Thika. Tunafuma sweta za watoto na kushona vitambaa vya makochi kwa kroshia. Tumekubaliana twende Nairobi siku moja, tutazame sanaa na kununua nyuzi. Wengine wanataka twende madukani moja kwa moja, wanasema picha hazivaliwi. Tena mwenzetu mmoja hana pesa nyingi, anaona haya kuandamana nasi. Tupange vipi?
Mama Shiro, Thika

JIBU: Mama Shiro, anzeni na picha. Mtu akishabeba mifuko, hamu ya kutazama chochote humwishia. Anachotafuta ni kiti na chai.

Nendeni Jumamosi asubuhi. Jumapili maduka mengi ya nyuzi hufungwa. Mkishuka mjini, tembeeni hadi Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Ni jumba la mawe la mwaka 1913, zamani ofisi ya serikali walikoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Leo lina vitu vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, na mkewe Sheila. Bebeni vitambulisho, kwa sababu mwananchi hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni.

Mkiingia, msikimbilie kumaliza vyumba vyote. Kila mmoja achague kitu kimoja, asimame mbele yake, aandike rangi tatu anazoziona na kiasi cha kila moja. Hicho kiasi ndicho kinachotushinda wafumaji. Rangi zinazopatana tunazijua vizuri, lakini tunazigawa sawa kwa sawa, mstari mwekundu, mstari wa manjano, na sweta inachosha macho. Mchoraji atajaza kahawia ya udongo, kisha aweke rangi ya chungwa kidogo tu pembeni, na hilo chungwa ndilo litakalokuita tangu mlangoni. Na mkibahatika popote kukuta kazi ya Rosemary Karuga, msiipite. Mama huyo alikata makaratasi ya sabuni na pakiti za unga, akabandika vipande vidogo vidogo hadi vikawa watu na wanyama. Anayesema picha hazivaliwi, msimamisheni hapo kwanza.

Kisha fuateni Kenyatta Avenue, mkate Muindi Mbingu Street hadi upande wa City Market, mwingie Biashara Street. Hapo pana kanga, vikoi, nyuzi na sindano. Donge la uzi mlitoe mlangoni mlitazame juani, kwa kuwa taa za dukani hudanganya. Someni karatasi yake: mbali na namba ya rangi, kuna namba ya awamu uzi ulipotiwa rangi. Nunueni madonge yote ya sweta moja yenye namba ile ile. La sivyo mkono mmoja utatofautiana na mwingine, na hamtauona mpaka mtoto atoke nje.

Mkiambiwa uzi ni sufu, ombeni kipande kifupi, mkakiwashe nje. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki, yaani uzi wa plastiki, huyeyuka, ikipoa inakuwa ngumu. Kwa vitambaa, Thika ilivyo na joto, mimi ningechukua pamba. Na siku mkitaka sufu iliyosokotwa kwa mkono, pangeni safari ya Nanyuki, ambako akina mama wameifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1970.

Kuhusu mwenzenu: kabla ya kutoka Thika, kubalianeni kila mtu atoe kiasi kile kile, kile anachokiweza mwenzenu huyo, kiwe pesa za chama. Nunueni nyuzi kwa pakiti nzima, kwa kawaida bei huwa nafuu kuliko donge moja moja, mje mgawane chama kikikutana. Anayetaka zaidi na arudi siku nyingine peke yake. Chakula cha mchana pikeni nyumbani, mbebe.