Begi Nyuma ya Mlango

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema dada wa kazi wa tatu ameondoka tangu mwaka jana, na huyu hata hakuaga: umekuta funguo juu ya friji na mtoto kwa jirani. Kisha ukaniuliza, "Mama, kazini nasimamia watu arobaini na hakuna anayenikimbia. Nyumbani mmoja tu ananishinda. Nakosea wapi?"

Nilishika simu nikupigie, nikaona nitaropoka. Bora niandike.

Unajua nilichokiona nilipokuja Pasaka? Begi la huyo dada. Miezi mitatu yuko kwako, nguo zake bado zimo kwenye begi nyuma ya mlango wa chumba cha watoto. Akitaka kanga anachuchumaa, anafungua zipu, anachakura, anafunga. Pembeni yake kabati la watoto lina droo nzima ya midoli. Nilinyamaza kwa sababu ile ni nyumba yako, na kwa sababu mimi mwenyewe nina la kwangu, nitakusimulia.

Kwanza tuhesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu. Unatoka Goba saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, kwa hiyo yeye saa kumi na nusu yuko macho. Unarudi usiku, mnakula, anaosha vyombo, anafika kitandani saa nne. Toa saa mbili na nusu za kula na kunyoosha mgongo, zinabaki 15. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ileile unayowasomea mameneja wako, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mfanyakazi wa nyumbani hajaachwa nje. Jumatano usiku dada kashamaliza wiki yake. Kuanzia Alhamisi anakufanyia nini? Wewe unasema "yupo tu nyumbani".

Halafu lile la blenda. Uliniambia kwa kujisifu kwamba umemkata mshahara wote wa mwezi ili ajifunze. Nani kakufundisha? Makato ya hasara yana utaratibu wake: mtu anaandikiwa kosa, kiasi na namna kilivyopigwa hesabu, anapewa nafasi ya kujitetea, na hata hapo hayazidi robo ya mshahara. Dereva wa ofisini kwenu akivunja taa ya gari mnaitisha kikao, na chai inaletwa. Huyu ulimhukumu umesimama jikoni, mkoba bado begani.

Wale arobaini hawabaki kwa kuwa unawapenda. Wanajua mshahara unaingia lini, likizo yao inaanza lini, na wakionewa wanajua pa kwenda kulalamika. Yule binti ulimpa neno moja tu: "Wewe ni kama mdogo wangu." Neno hilo nalijua, nimelitumia sana.

Mwaka 2001 nilikuwa afisa utumishi kwenye kiwanda kimoja. Mchana naandika barua za likizo za watu, jioni narudi kwa dada aliyekulea wewe. Nilimpokea stendi ya Ubungo akitokea Singida, kashika kidumu cha mafuta ya alizeti alichopewa na mama yake aniletee. Mshahara wake nilikuwa "namtunzia". Niliuandika mwezi kwa mwezi kwenye daftari la kijani, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mwezi wa kumi na tisa akaletewa habari kuwa baba yake amefariki. Akaomba hela yake. Haikuwepo. Ilikuwa juu ya vichwa vyetu, imegeuka bati za vyumba viwili vya uani. Nilimpa nauli na doti ya kanga. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Goti lile ninaliona mpaka leo.

Nilianza kumlipa mwaka 2009, M-Pesa ilipokwisha kuingia, kidogo kidogo mpaka daftari likaisha. Ndiye yule anayekupigia kila Krismasi, na wewe unamwambia uko kwenye kikao.

Sasa huyo anayeletwa na dalali Jumamosi. Ukimpokea pale Mbezi, kituo cha Magufuli, muulize umri kabla hujamuuliza kama anajua kupika. Sheria inaanzia miaka 14 kwa kazi nyepesi, lakini kukesha na mtoto wa miezi minane mwenye homa si kazi nyepesi. Akiwa chini ya 18 mrudishe kwao kwa nauli yako, dalali abaki na kelele zake. Dai mdhamini na barua ya serikali ya kijiji, sawa, ila na wazazi wake nao wapewe namba yako na wajue unakaa wapi. Wewe pia hawakujui.

Mkataba karatasi moja inatosha. Andika mshahara na tarehe yake, muda wake wa kulala, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, siyo "Jumapili ukishamaliza kufua". Kama kusoma kunampa tabu, msomee umweleze mpaka aelewe. Hilo nalo limo kwenye sheria. Kuhusu kiasi, amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka sh. 60,000 kwa dada wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Isome inayotumika sasa, lakini usijifiche nyuma ya kima cha chini. Hela hiyo wewe unaisuka kichwani kwa mkao mmoja saluni. Imwingie kwenye simu yake, na simu akae nayo mwenyewe. Mambo ya kumnyang'anya eti asiongee na wanaume, yaache.

Na kabla hajafika, pita Keko kwa mafundi ununue kabati dogo, hata la mlango mmoja, lenye kufuli. Funguo zote mbili mpe yeye. Nusu ya bei nitalipa mimi.

Mama yako,
Tabata