Ujirani upi huo mnaoulizia?

Swali lenu la wiki hii, eti "Je, Dar imepoteza ujirani wake?", limenigusa pabaya, maana majibu yatakayomiminika nayajua hata kabla sijayasoma, zamani tulipendana, zamani chumvi unaomba kwa jirani, siku hizi kila mtu na geti lake. Jamani eeh. Hiyo zamani mi nimeikaa.

Niliingia Dar mwanzoni mwa 1999, nina miaka 23, nina kazi ya ukarani mjini, sina mume. Nikapata chumba Magomeni, nyumba ya Kiswahili mnazijua, vyumba sita, korido katikati, choo na bafu uani, Luku moja ya watu wote, ukichomeka pasi asubuhi unasikia mtu huko chumbani kwake anakohoa kikohozi cha makusudi. Kodi ya miezi sita nimelipa taslimu na bado nikahojiwa kama niko polisi: umeolewa? mchumba yuko wapi? kwenu wanajua uko huku? Huo ndo ujirani wenu.

Sasa mwezi wa tisa akaja binamu yangu kutoka Moshi, basi la kurudi likamwacha, akalala kwangu, yeye chini kwenye mkeka mi kitandani. Asubuhi natoka uani na ndoo yangu, kimya. Wamama watatu walikuwa wanachambua mchicha, mikono ikasimama. Bi Mkubwa mwenye nyumba akaniita barazani, akasema taratibu kabisa, "mwanangu, hapa si gesti." Basi. Na jirani yangu wa chumba cha pili akanifungulia taarab wiki nzima, mlango wazi, sauti mwisho, na kila kanga anayojifunga inanisema mimi. Nikaanza kutafuta chumba Kigogo.

Kabla sijahama nikaumwa. Ilikuwa Oktoba, wiki ile ya msiba wa Mwalimu, redio zote maombolezo tupu. Nimemeza klorokwini, wa rika langu mnaikumbuka ile, mwili unawasha mpaka unatamani kujichuna ngozi, homa haishuki, nikajifungia ndani nikawa sijui hata saa. Kilichowashtua unajua ni nini? Ndoo. Ndoo yangu ya bluu ilikaa kwenye foleni ya bombani tangu jana yake, ndoo za wenzangu zimejaa zimeondoka, yangu iko palepale tupu. Na aliyeiona ni yuleyule wa taarab, akasema huyu binti hajateka maji tangu jana, wakavunja komeo. Nilifunikwa kanga zilezile zilizokuwa zinanisema, nikapakiwa kwenye taksi bubu ya shemeji yake, hela alitoa nani mpaka leo sijui. Bi Mkubwa akalala sakafuni pembeni ya kitanda changu wodini siku mbili, na kila nesi aliyepita akamwambia, "huyu hana mume, lakini ana adabu." Ile aibu ilinichoma kuliko homa. Na radhi kuhusu binamu yangu hakuniomba mtu, hata mmoja. Kigogo sikwenda tena.

Leo niko Sinza, apatimenti ghorofa ya tatu, mlinzi getini, tuna na grupu la WhatsApp la kugombana kuhusu takataka na nani kapaki vibaya. Mabinti wanakaa peke yao na hakuna anayewauliza mume, na hilo nalisifia, asije mtu kuniambia maadili yameporomoka. Halafu mji wenyewe umejaa, sensa ya 2002 tulikuwa kama milioni mbili na nusu, ya 2022 tukafika 5,383,728, utamjua nani, umseme nani? Hata ile nyumba haipo, pale sasa kuna ghorofa na fremu za maduka chini, naionaga nikipita na mwendokasi.

Nilikaa kuandika kwamba huo ujirani ufe tu, tuuzike. Ila tangu nifike pale kwenye ndoo sauti imenipungua kidogo. Mwezi wa nne jirani wa mlango unaotazamana na wangu alihama, nikaja kujua baada ya wiki tatu, na sijui hata jina lake. Kwa hiyo sawa, andikeni kwamba nimesema ndiyo, umepotea, na unanikosesha raha. Kidogo lakini, msinielewe vibaya, na nasema Dar ya huku kwetu, Manzese na Mbagala wao watawaambia wanao mpaka wa kugawa.

Juzi ufunguo wangu wa akiba nimempa Mangi wa duka la hapa chini, nikamwambia ukiona siku mbili sijaja kuchukua mkate, panda ugonge. Akaupokea, akaugeuzageuza, akaniuliza, "kwani mama, mzee yuko wapi?"

Nikamwachia hivyohivyo.