Kabla hujawasha msumeno, angalia mbao

Mwaka wangu wa tatu katika useremala, kwenye karakana moja pale Keko, Dar es Salaam, nilikuwa napasua mninga wa inchi mbili kwa msumeno wa mezani, ule wa duara unaozunguka. Mbao ilikuwa mbichi, ukiishika unasikia ubaridi wa maji. Katikati ya safari ule mpasuo ukajifunga, ukaubana msumeno kwa nyuma. Nilisikia mlio tu, kisha nikajikuta nimekaa chini nimeshika tumbo. Kukohoa kuliniuma wiki tatu.

Meno ya nyuma ya msumeno hupanda juu. Mbao ikiyabana, huinyanyua na kuirusha kwa aliyesimama mbele yake. Kile kibati chembamba kinachosimama nyuma ya msumeno kazi yake ni kuuacha mpasuo wazi, na sisi mafundi ndicho tunachokifungua kwanza kwa sababu kinatusumbua. Kirudisheni, ndugu zangu. Simama pembeni kidogo ya njia ya msumeno, na mkono ukibakiza shubiri moja kufikia meno, sukuma kwa kijiti. Glovu vua, maana zikinaswa na meno zinavuta na mkono.

Tena mbao mbichi inakuaibisha kwa mteja: mlango unaufunga leo umekaa vizuri, kiangazi kikiingia umepinda na viungo vimeachia. Siku hizi napanga mbao kivulini, kila moja imelalia vijiti vya inchi moja ili hewa ipite. Vichwani mwa mbao, kule ilikokatwa, napaka rangi ya mafuta, kwa kuwa maji hukimbilia kutokea huko na mbao ikapasuka. Halafu nachagua kipande kimoja, kila Jumamosi nakipeleka kwenye mizani ya jirani muuza unga. Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo, ndipo naanza kazi. Mbao nene huchukua hata zaidi ya mwaka. Mteja namwambia ukweli, wapo wanaoondoka.

Kuna na vumbi. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, ikiwemo ya pua. Kipande cha kanga hakilizuii lile jepesi la msasa. Tafuta barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi jepesi. Kama una shaka, jioni ukimaliza kupiga msasa, penga kamasi kwenye kitambaa cheupe. Changu kilitoka na wekundu wa mninga, na kesho yake asubuhi nilikuwa duka la dawa kabla halijafunguliwa.