Majivu ya boila na mavi ya chuma kwenye matofali: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama unaweza kubeba majivu ya boila (tanuru la kuchemshia maji ya mvuke) na mavi ya chuma, yaani uchafu unaobaki chuma kikiyeyushwa, kutoka viwanda vya Barabara ya Nyerere ukafyatulie matofali, upunguze simenti. Nafyatua matofali huku Bunju na vyote hivyo nimevijaribu. Inawezekana, ila usiviweke kapu moja.

Cha kuanzia, ingawa hukukiuliza, ni vumbi la mawe la kwenye machimbo ya kokoto. Mafundi wengi wa Dar wanalijua. Chembe zake zina pembe, zinashikana vizuri, nami nalichanganya nusu kwa nusu na mchanga. Likiwa unga mtupu linakunywa maji, likatae. Kila lori la vumbi ni lori la mchanga lililobaki mtoni, na mito yetu imechimbwa mno.

Majivu ndiyo yenye faida kubwa, na ndiyo yanayowatesa watu. Yanayofaa ni yale laini ya makaa ya mawe yanayonaswa kwenye moshi. Simenti ikiganda huacha chokaa. Majivu hayo huishika chokaa hiyo na kuigeuza gundi ya ziada. Yale meusi ya chini ya boila, yenye chenga za makaa yasiyoungua, hayana kazi hiyo na yanalegeza tofali. Mimi natoa sehemu moja ya tano ya simenti na kuweka majivu, sizidishi hapo. Shida ni haraka. Majivu hufanya kazi polepole, kwa hiyo tofali la siku 7 litakuwa dhaifu kuliko la simenti tupu. Ukimwagilia siku mbili tatu kisha ukapakia kwenye Fuso, kona zitabaki barabarani. Funika turubai, mwagilia wiki mbili, na sampuli uipeleke maabara ikifika siku 28. Wenzetu India tangu 1999 serikali iliwataka wachoma matofali walio karibu na mitambo ya umeme wa makaa wachanganye majivu kwenye udongo, kwa hiyo jambo hili si la kubahatisha.

Mavi ya chuma yaache. Yale yanayosifiwa nje hutoka kwenye tanuru la kuyeyushia mawe ya chuma, hupozwa ghafla kwa maji, kisha husagwa. Ya viwanda vya chuma chakavu ni kitu kingine: yana vipande vya chuma vinavyoshika kutu na kuvimba ndani ya tofali, na hewa yetu ya chumvi inaharakisha. Ukuta mmoja Tegeta niliuona plasta imetoka vidonda vya kahawia. Tena chakavu chenye rangi au mabati huweza kuacha zinki na madini ya risasi, ambayo ni sumu, humo, na watoto watalala ndani ya kuta hizo.

Kabla ya kulipia lori, ulizia NEMC, wasimamizi wa mazingira nchini, kuhusu kibali cha kubeba taka za kiwandani, na vijana wako wavae barakoa wakati wa kuchanganya. Halafu rudi utuambie boila hiyo inachoma nini. Kama ni kuni, hesabu yote ya majivu niliyokupa haifai.